Kiganja cha Fundi wa Silinda

Kabla ya kushika kipimo, fundi wa silinda huweka kiganja kwenye chuma kinachong'aa cha silinda inayopokea kishindo juu ya gurudumu la mbele la lori la mawe, na kupima kwa upana wa vidole kimechomoza kiasi gani. Lori likiwa tupu, anataka vinne kila upande. Jana asubuhi upande wa kulia vilikuwa viwili. Dereva, mume wa dada yake, alishuka ngazi mkono kiunoni, akipumzika kila kidato.

"Shemeji, ongeza gesi linyanyuke, niwahi zamu."

"Gesi inanyanyua tu. Inakaa juu ya mafuta, na mafuta ndiyo yanayotuliza kishindo. Hapa yamevuja."

"Wenzako wanaongeza gesi, tunaondoka."

"Ndiyo maana unashuka kama mjamzito wa miezi tisa."

Dereva alicheka, kisha akajishika mgongo. Fundi aliwaondoa watu wote karibu na lori, ndipo akafungua vali taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Gesi ilipiga mluzi mrefu, lori likainamisha bega. Akabadilisha vali iliyovuja, akajaza mafuta hadi alama, halafu gesi, halafu kiganja. Msimamizi wa zamu alipiga simu mara mbili kuulizia lori, fundi hakupokea.

Jioni lori liliporudi, fundi, ambaye akiwa kazini hainui kichwa hata akiitwa, aliweka spana chini akatazama ngazi. Shemeji yake alishuka vidato vyote bila kusimama, mikono yote miwili kwenye vyuma. Fundi akaokota spana.