Zoezi la Profesa wa Saluni

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja: kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti vya plastiki, na mashine ya kukaushia nywele ambayo ikiwashwa tu, taa inafifia. Nyuma ya pazia ndiko nyumbani. Msusi aliishi humo na mdogo wake, na kila aliyekaa kusukwa jioni alijua kuna mtu huko nyuma, maana alimsikia akilia.

Wateja walimwita Profesa. Jina hilo alilipata siku walipomkuta ameegemeza simu kwenye kioo, kisikilizio sikioni, anasuka huku anamsikiliza mkufunzi. Alikuwa amejiandikisha kozi ya utangulizi ya saikolojia, kwa mtandao, katika chuo cha jamii. Mtu mzima, vidole vimekomaa kwa rasta na nyuzi, eti anasoma saikolojia. Walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

"Profesa, hebu nisome," alisema siku moja mama wa duka la dawa, ameinamisha shingo. "Kichwani mwangu kuna nini?"

"Kuna mba," akajibu Msusi, na kazi ikaendelea.

Alijua kutania, lakini hakujiandikisha kwa utani. Aliyempeleka shule alikuwa nyuma ya pazia. Mdogo wake alijifungua binti, na binti yule hakufika hata kuanza kukaa. Alilazwa usingizi wa mchana akiwa mzima, hakuamka. Mume akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda ameshika kofia, akarudi kazini kwake mbali. Simu zake zikawa chache, kisha zikawa hazipo kabisa. Ndipo Msusi akamchukua mdogo wake. Tangu hapo, kila jioni maji yakimiminwa kwenye beseni, mdogo mtu anaanza kulia. Ndio wakati aliokuwa akimwogesha mwanawe. Na neno mtoto, katika nyumba ile, hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mwanzoni Msusi alifanya kile alichokijua. Alivuta kigoda, akakaa nyuma yake, akamfumua na kumsuka upya. Kusuka kuna raha yake hiyo: mwenzako hakuoni usoni nawe humwoni, basi maneno yanatoka yenyewe. "Vidole vyake vilikuwa virefu, Dada," mdogo mtu alikuwa akisema. "Umeviona vile vidole?" Halafu kilio upya. Msusi akawa anamaliza siku akiwa hoi, na asubuhi anaamka hoi vile vile. Alichoka, jamani. Tusimpake rangi. Alimpenda mdogo wake, na alimchoka.

Ndipo likaja somo la namna watu wanavyojifunza tabia. Mkufunzi, kijana mpole mwenye miwani, alisema tabia inayolishwa hukua. Mtoto apige kelele dukani, anunuliwe peremende, kesho atapiga kelele zaidi. Usimjali akilia, msifu akitulia, mwenyewe ataacha. Mkono wa Msusi ukasimama katikati ya kichwa cha mteja. Kumbe ni yeye. Kumbe kile kigoda na kile kitana ndiyo peremende, na yeye ndiye anayemlisha mwenzake machozi kila siku ya Mungu.

Bahati ikawa, au tuseme balaa, zoezi la somo hilo lilitaka mambo hayo hayo. Chagua tabia ya mtu wa karibu, ibadilishe, andika ripoti. Mkufunzi alisisitiza: eleza unachokiona kwa macho, usianze kubuni sababu. Msusi akaandika kwamba mtu mzima wa nyumbani kwake analia kila jioni. Basi, akaishia hapo. Habari ya mtoto hakuigusa. Alijiambia ndiyo masharti ya zoezi, lakini alikuwa anajidanganya. Neno lile lilimshinda kulitamka, sembuse kuliandika lisomwe na watu baki. Mkufunzi akamjibu kwamba mfano ni mzuri, aendelee.

Akaendelea. Jioni ile maji yalipomiminwa na kilio kikaanza, Msusi aliinuka, akatoka uani, akarudishia mlango taratibu.

"Dada?" sauti ikatoka ndani.

Alikuwa ameegemea ukuta, roho inamtoka. Hakuitika.

"Dada, upo?"

Akajiuma mdomo. Kulipotulia ndipo alipoingia na kigoda chake, amejichangamsha kama mtu aliyetoka harusini. "Haya, mdogo wangu, njoo nikusuke."

Akafanya hivyo jioni baada ya jioni, na jamani, dawa ikafanya kazi. Kilio kikafupika, kikapungua sauti, kikakoma. Mdogo mtu akawa anaamka mapema, anafagia saluni, anaosha vitana, anamimina maji mwenyewe, uso mkavu. Akawasalimu wateja. Mama wa duka la dawa alimtazama akipita na ufagio, akashindwa kutania. "Profesa, mimi nilikuwa nakucheka," alisema. "Naomba unisamehe."

Msusi alivimba kichwa kidogo, na nani asingevimba? Jambo moja tu lilimkereketa, naye akalisukuma kando. Mdogo wake alikuwa haongei tena akisukwa. Anakaa wima kama mteja aliyeingia kwa mara ya kwanza, anangoja amalizwe.

"Nimekuvuta?"

"Hapana, Dada. Iko sawa."

Chakula kilikuwa sawa. Usingizi ulikuwa sawa. Mambo yote yalikuwa sawa katika nyumba ile, mpaka ukitaka kupumua unaona haya.

Ripoti ikapata alama za juu kuliko za darasa zima, na mkufunzi akamwomba aieleze mbele ya wenzake. Msusi alifunga mlango wa saluni mchana ule, akavaa blauzi ya kutokea, akaegemeza simu kwenye kioo. Akaeleza vizuri, hatua kwa hatua, na nyuso ndogo ndogo kwenye simu zikawa zinatikisa vichwa. Alipomaliza, mwanafunzi mmoja, mwanamke mwenye sauti nzito, akauliza: "Na huyo mtu alikuwa analilia nini?"

 Neno alilolifungia Msusi muda wote ule likamtoka, mbele ya watu asiowajua. "Alifiwa na mtoto wake."

 Mkufunzi akavua miwani. "Mama, hilo hukuliandika."

"Ulisema tusiandike sababu."

 Mkufunzi hakuwa mtu wa kujitetea. "Nilisema hivyo, kweli," alisema. "Na mimi sikuuliza. Mama, ile njia ni ya mtoto anayetaka peremende. Aliyefiwa ukimwacha alie peke yake mpaka anyamaze, hajapona. Amejua tu kwamba hana wa kumlilia. Nenda ukakae naye. Usingoje tumalize."

Msusi aliiacha simu pale pale, sura ya mkufunzi ingali imo ndani yake, akafunua pazia. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti akipiga deki, kitambaa kichwani.

"Mdogo wangu, njoo nikusuke."

"Bado sijamaliza huku, Dada."

"Acha hiyo kazi. Njoo tu."

Mdogo mtu akafuta mikono, akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, kwa mkono usiozoea, huku na huku vimebaki vishungi. "Nilichukua mashine yako ya kunyolea asubuhi, ulipokwenda kununua rasta," alisema. "Nimeona nikupunguzie kazi."

Msusi alikiweka kiganja juu ya kile kichwa. Hakujua vidole avifanye nini, havikuwa na cha kushika. "Niambie habari za mtoto," alisema. "Niambie vile vidole vyake. Nitakaa hapa."

Mdogo wake akamtazama kwa upole, namna mtu anavyomtazama mgonjwa anayeweweseka. "Hayo yamekwisha, Dada. Nimetulia. Si ndivyo ulivyotaka?"

Hapo Msusi akavunjika. Alikaa chini kwenye sakafu ile yenye maji, na blauzi yake ya kutokea, akalia kwa sauti, kilio cha kumlilia yule mtoto, ambacho hakuwahi kukilia. Mdogo wake akasimama juu yake. Uso ukamcheza, mkono ukainuka kidogo kuelekea bega la dada yake, kisha ukarudi. Akainua beseni la maji machafu, akatoka uani, akarudishia mlango taratibu.

"Mdogo wangu?" Msusi aliita. "Upo?"

Hakujibiwa. Lakini maji hakuyasikia yakimwagwa, wala nyayo zikiondoka, akajua mwenzake yuko pale pale nje, ameegemea ukuta, anangoja anyamaze.