Uwesu, fundi wa vilango vya paka, na mlango alioogopa kuukata

Saa mbili na robo asubuhi, paka anapimwa mabega. Mtu akichungulia uwani kwa Bi Rukaiya, hapa Nandagala wilayani Ruangwa, anaweza kudhani kuna harusi ya paka. Mwanamume mwenye penseli sikioni amepiga magoti na kumzungushia mnyama kamba ya katani, kwa adabu ya fundi cherehani aliyeitwa kumpima bibi harusi.

Paka mwenyewe ni dume la kijivu, jina lake Bwana Afya. Alipewa jina hilo kwa sababu hukagua majiko na stoo za majirani wote bila barua wala kitambulisho, na hakuna aliyewahi kumuuliza cheti. Amepakatwa na Shamimu, binti wa mwisho wa Bi Rukaiya, na uso wake unaonyesha kwamba zoezi hili halimpendezi.

"Kichwa sipimi," anasema fundi. "Kichwa cha paka kinadanganya, kinapita popote. Napima mabega, halafu naongeza vidole viwili vya shibe. Paka akishakula panya hatoki na unene alioingia nao. Ukisahau shibe atakwama hapo katikati, nusu yuko stoo, nusu yuko uwani, na lawama zote kwa fundi."

Fundi huyo ni Uwesu Nnunduma, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, mzaliwa wa Mkotokuyana wilayani Nachingwea, ambaye sasa anaishi Ruangwa mjini. Anatengeneza vitanda, meza na milango kama mafundi wengine. Lakini tangu mwaka 2019 ana kazi moja ambayo wenzake wanaicheka, kisha wakipata mteja wake wanamwelekeza kwake kimyakimya. Anatoboa milango ya watu na kuweka kilango cha paka.

Kilango ni kipande cha mbao nyembamba kinachoning'inia kwa bawaba mbili ndogo. Chini yake kuna sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Paka anasukuma kwa kichwa, anapita, na kilango kinarudi na kunaswa na sumaku. Tak. Kuku hawezi kukisukuma. Mtoto anayetambaa anaweza, na Uwesu anakiri kwamba kule Nachingwea yuko mmoja aliyefika hadi kiunoni kabla ya mama yake kumkamata miguu.

Hadi leo ameweka vilango arobaini na kimoja. Kwa kimoja hutoza shilingi elfu thelathini, na kwa mwezi mzuri, akijumlisha na vitanda, hupata kama laki mbili na nusu. Miezi mibaya hapendi kuizungumzia.

Leo kuna jambo zito zaidi ya paka. Stoo ya Bi Rukaiya ina madebe ya karanga za mbegu, ambazo ndizo atakazopanda mvua zikikolea. Yalikuwa matano. Panya wameshamaliza mawili. Mawingu yamekaa juu ya Nandagala tangu jana, na jirani aliyetoka Nachingwea anasema huko imeshanyesha.

"Sumu nilitega mwaka jana, ikaua kuku wangu wawili na panya wakanenepa," anasema Bi Rukaiya, mjane mwenye miaka sabini na mbili. "Mlango nikiuacha wazi, watu wanaingia kuchukua. Nikimfungia paka ndani, analia mpaka jirani anakuja kuuliza nani kafiwa. Nikimfungia nje, panya wanakula."

Dawa ni kilango. Tatizo ni mlango.

Mlango wa stoo hiyo ni wa mninga, una paneli nne, na uliundwa mwaka 1991 na marehemu Ausi, mume wa Bi Rukaiya, seremala aliyejulikana kuanzia hapa hadi Nachingwea. Wapo wanaosema milango yake ilikuwa inafungwa kwa upole kiasi kwamba mtu akigombana na mkewe hapati hata pa kubamiza. Mzee Ausi ndiye aliyemfundisha Uwesu kazi. Alifariki miaka minne iliyopita, na mlango huu ndio kazi yake pekee iliyobaki katika nyumba yake mwenyewe. Mingine yote aliuza.

Bi Rukaiya alimwita Uwesu wiki tatu zilizopita. Alikuja, akauangalia mlango, akanywa chai, akaondoka. Akarudi, akaupapasa, akanywa chai, akaondoka. Mara ya tatu alisema msumeno hauna makali.

"Chai yangu imeisha, karanga zangu zinaisha, mlango mzima," anasema Bi Rukaiya. "Nikamwambia, Uwesu mwanangu, mlango ni wa marehemu, lakini karanga ni zangu."

Shamimu anaingilia, "Mama, mwenzio anaogopa. Fundi, sema ukweli, si unaogopa?"

"Siogopi," anajibu Uwesu. "Naheshimu."

"Haya, heshimu haraka. Mvua hiyo inakuja."

Namna Uwesu alivyoingia kwenye kazi hii ni kisa anachokisimulia mwenyewe kabla hajaulizwa, na kila akikisimulia rangi inazidi kukolea. Mwaka huo wa 2019 alikuwa akifanya useremala na kupaka rangi pia. Mwalimu Eva, aliyehamishiwa Nachingwea akitokea Kagera, alimtumia ujumbe kwa simu: "Fundi habari. Kesho naomba mlango paka wa jikoni. Ufunguo uko kwa jirani."

Uwesu akasoma "paka" akaona brashi. Kesho yake akachukua ufunguo, akafungua kopo la rangi ya kijani, na kuupaka mlango wa jikoni mikono miwili, yaani rangi juu ya rangi, ndani na nje. Alikuwa anajisifu moyoni pale paka wa Mwalimu alipotokea uwani, akajinyoosha na kuegemea mlango.

"Mwalimu anarudi kutoka shule, anakuta mlango wa kijani na paka wa kijani," anasimulia Uwesu. "Akaniuliza, fundi, tundu liko wapi? Nikamuuliza, tundu la nini Mwalimu? Akasema, la paka. Nikasema, si nimeshapaka?"

Paka huyo alitembea Nachingwea wiki tatu akiwa na ubavu wa kijani. Wapo wanaoapa kwamba mbuzi mmoja alimfuata hadi sokoni akitaka kumla.

Mwalimu Eva, ambaye bado anafundisha huko, anasimulia kwa simu huku akicheka. "Mimi kwetu niliwahi kuona nyumba yenye mlango wa paka, nikadhani kila fundi anaujua. Yule baba aliona aibu mpaka nikamwonea huruma. Akakata tundu bila kunidai hata shilingi. Baada ya hapo walimu wenzangu wakaanza kuniomba namba yake."

Tangu siku hiyo, kila anapopata ujumbe wenye neno hilo, Uwesu hupiga simu kwanza. Swali lake ni moja: "Paka wa mkia au paka wa brashi?"

Saa tatu kasoro, hatimaye, Uwesu anaeleza mpango wake. Hataukata mlango. Paneli ya chini imeshikwa na papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa pembeni ili paneli isidondoke. Atazitoa papi, ataitoa paneli nzima ikiwa salama, ampe Bi Rukaiya aitunze, na mahali pake aweke plaiwudi yenye kilango.

"Plaiwudi," anasema Bi Rukaiya, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Kwenye mlango wa Ausi."

"Ya muda tu, Mama."

"Hata mimi naishi kwa muda tu, na sijavaa plaiwudi."

Nyuma ya uzio kichwa cha jirani, Mzee Abdala, kinachomoza. Amekuwa akisikiliza tangu asubuhi. "Uwesu, kwa hiyo nyoka nao umewafikiria? Unawatengenezea geti?"

"Nyoka atakayepita hapa, Mzee Abdala, nitamwambia ada ya geti alipie kwako," anajibu Uwesu bila kugeuka.

Lakini mikono haina utani. Anaingiza patasi chini ya papi ya kwanza na kuigonga kidogo kidogo, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Misumari inalia. Papi ya kushoto inatoka, ya kulia inatoka, ya chini inatoka. Inabaki ya juu, ambayo ni pana kuliko zote. Uwesu anaitazama. Anasema Mzee Ausi hakuwa mtu wa kuweka papi zisizolingana.

Anaigonga. Inatoka. Anainama hadi pua inakaribia mbao, na Shamimu anamweka paka chini na kusogea.

Chini ya papi ile, juu ya paneli, kuna kipande kilichoungwa. Ni kijiti cha mninga chenye upana wa kidole, kimebandikwa kwa gundi kuziba pengo, kwa sababu paneli yenyewe ni fupi. Kwa miaka zaidi ya thelathini papi pana imekificha. Na juu ya kijiti, kwa penseli ya seremala ambayo haijafifia hata kidogo, yameandikwa maneno matatu: Shubiri ya Uwesu.

Uwesu anakaa chini kabisa, mgongo ukutani.

Mwaka 1991 alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa mwezi wa pili. Mzee Ausi alimwambia akate paneli ya chini, shubiri tatu kwenda juu. Alikata shubiri tatu, ila za mkono wake. Mkono wa Mzee Ausi ulikuwa mkubwa. Watu wa hapa wanasema alikuwa akikupa mkono asubuhi, unaendelea kusalimiwa hadi adhuhuri. Paneli ikawa fupi kwa kidole kizima, na mbao ya mninga ya upana ule haikuwepo nyingine.

"Nilijua nafukuzwa," anasema Uwesu. "Yeye akanituma maji kisimani. Niliporudi mlango umeshaunganishwa, paneli imekaa sawa. Nikajua ile yangu kaitupa, kakata nyingine, sijui mbao kaitoa wapi. Miaka yote hii nimejua hivyo. Nikipita hapa nauangalia mlango nasema, ile ndiyo paneli ya fundi, na yangu ilikuwa kuni."

Bi Rukaiya hajui kusoma. Shamimu anamsomea maneno yale mara mbili. Mara ya pili mama anaanza kucheka, taratibu, bega moja kwanza kisha yote mawili.

"Kwa hiyo wiki tatu unakunywa chai yangu," anasema, "unaogopa kukata kosa lako mwenyewe."

"Mama, ni mlango wa Mzee."

"Mlango wa Mzee. Ubao wako. Kata."

"Nikate hii hii?"

"Hiyo hiyo. Plaiwudi kamwekee Abdala."

Nyuma ya uzio kichwa cha Mzee Abdala kinashuka.

Uwesu anapima kwa futi ya chuma. Anapima tena. Anapima mara ya tatu, na Shamimu anasema, "Fundi, ukipima ya nne naenda kuoga." Ndipo anachukua msumeno, ambao ghafla una makali. Mninga wa zamani ni mgumu, unatoa vumbi jekundu na harufu inayojaa uwani. Anakata polepole pande nne, na kipande kinachotoka hakitupi. Anakipiga randa hadi kinakuwa chepesi, anakifunga bawaba, anabandika sumaku, na kukirudisha katika tundu lake. Kilichokuwa sehemu ya mlango kimekuwa mlango.

Kabla hajairudisha papi pana, anatoa penseli sikioni na kuandika kitu pembeni ya maneno ya mwalimu wake. Anakizuia kwa kiganja.

"Umeandika nini?" anauliza Shamimu.

"Atakayekuja kuufungua atasoma."

Papi zote nne zinapigiliwa. Sasa imebaki kazi ya Bwana Afya, na Bwana Afya hana haraka. Ananusa kilango. Anakigusa kwa mguu, kinatikisika, anarudi nyuma hatua tatu na kulamba mgongo. Shamimu analeta dagaa. Bwana Afya anakula dagaa na kubaki pale pale nje. Mzee Abdala anakohoa kwa kejeli.

Bi Rukaiya anawaambia wote wanyamaze. Uwani kunakuwa kimya, na ndani ya stoo, juu ya madebe matatu yaliyobaki, kitu kidogo kinatafuna.

Masikio ya paka yanasimama. Analala chini, anatambaa, anasukuma kwa kichwa. Mabega yanapita, na vidole viwili vinabaki kwa ajili ya shibe. Tak.

Kinachofuata ndani kinasikika tu: debe linagongwa, kitu kinakimbia, kisha hakikimbii tena. Bi Rukaiya haangalii stoo. Anaangalia mbingu.

"Inyeshe sasa," anasema.

Uwesu anafunga zana zake nyuma ya pikipiki. Anataka kukodi kibanda karibu na soko la Ruangwa mjini kabla ya msimu ujao wa korosho, aweke kibao, na achukue wanafunzi wawili. Kibao kinamsumbua, maana akiandika "mlango paka" watu watamletea makopo ya rangi. Wanafunzi hawamsumbui tena. Kwa miaka mingi alikuwa akiwakataa, akisema hana uvumilivu wa kuharibiwa mbao.

"Wiki ya kwanza siwapi futi," anasema, akikaza kamba. "Nitawaambia wapime kwa shubiri zao, wakosee. Mimi nitakuwa nimeshaandaa papi pana."