Migomba ya Mama Upande wa Kusini

Darubini ilifika Kyela kwa basi, ndani ya boksi lenye sponji nene kuliko godoro langu. Niliinunua kwa sababu moja: nipige picha za nyota bila kutoka nyumbani. Watu wa kwetu Ipyana wananijua. Nikionekana sokoni, wanauliza kama kuna msiba.

Kuifunga hakukunishinda. Nilisimamisha miguu mitatu uani, juu yake mota ya kuizungusha, kisha darubini yenyewe, na kamera nyuma, mahali pa jicho. Kikabaki kitu kimoja. Anga huzunguka, na mota lazima izunguke nalo, la sivyo kila nyota kwenye picha inakuwa mstari, kama kuku kaparura. Basi unailenga pale anga linapozungukia, na kwa sisi wa huku hapo ni kusini, chini, karibu kugusa ardhi. Nilikisia kwa dira ya simu, nikapata picha nzuri sana ya kuku kuparura.

Kusini kwetu ni migomba ya mama. Pa kuihamishia darubini hapakuwepo: kwingine kote ni nyumba na kakao.

Nikaenda kumwomba akate mitatu tu. Alikuwa akimenya ndizi. Akauliza hapo kusini kuna nyota gani ya maana hivyo.

"Hakuna nyota, mama. Ni mahali tu, patupu."

"Kwa hiyo nikate ndizi zangu ili uone pasipo na kitu."

Akanionea huruma kidogo: mgomba wa katikati ulikuwa na mkungu, na ukikomaa utakatwa tu, kama mgomba wowote. Nisubiri.

Kusubiri nimefuzu. Ila nikaona niusaidie. Asubuhi nabeba samadi na majivu, jioni namwagilia, na nikauwekea nguzo usianguke. Jirani alipita akasema ndaga, asante, Mungu amejibu, kijana ameanza kilimo. Mama akamwomba apunguze sauti, nisije nikaamka.

Mkungu ukakomaa. Mama akauangusha mgomba kwa panga, nami nikakimbilia darubini kama bwana harusi. Nikachungulia. Kijani. Machipukizi mawili ya shina lile lile, yaliyoshiba samadi yangu miezi yote hiyo, yalikuwa yamesimama kwenye mwanya wangu, majani mapana kama mikeka.

Mama akayatazama, akaweka panga chini.

"Hayo umeyalisha mwenyewe, mwanangu. Mimi siyagusi."

Jioni, tukila ndizi za mkungu ule, akanikumbusha kwamba dada yangu kaolewa Matema, ufukweni kabisa, na mbele ya mlango wake kusini kote ni ziwa, hakuna hata jani. Nikasema Matema ni mbali. Akasema ni magari mawili. Nikasema vitanda vya watu vinaniumiza mgongo. Hakubishana, na mama asipobishana ndipo pa kuogopa.

Sasa boksi liko mlangoni, kila kitu kimerudi ndani ya sponji. Tangu jana pembeni yake kuna nusu ya mkungu, imefungwa kamba, ya kumpelekea dada. Nani aipeleke, mama hajasema. Asubuhi hii nimezitazama ndizi hizo nikipita kwenda jikoni. Zimeanza kuwa njano.