Jaku Dalali na Gari ya Kufunuka

Jaku Mjaka alikuwa dalali wa magari, na dalali akikwambia kitu kimemshangaza, shika mfuko wako. Lakini siku ile bandarini Malindi hakuwa akimuuzia mtu kitu. Alikwenda kupokea gari nyeupe ya Haitham, mwenye yadi ya Amani ambako Jaku alishinda kutwa akiwasifia watu Vitz na Noah. Haitham aliiagiza Japani kwa kuitazama pichani, na pichani ilikuwa na paa lake kama gari nyingine zote. Jaku akaingia, akatafuta swichi ya taa, akabonyeza asichokijua. Paa likaguna, likajiinua, likajikunja pole pole na kuingia nyuma, kama nguo inayorudishwa sandukuni. Wachukuzi wakatua mizigo. Bwana mmoja wa forodha akavua miwani. Jaku alibaki ameshika usukani, juu yake hapana kitu ila mbingu. Alikuwa amekwisha kuuza gari asizokumbuka idadi yake, na hakupata kujua kwamba gari inaweza kumfanya mtu aseme Subhanallah.

Haitham hakusema Subhanallah. "Umeivunja?" aliuliza kwenye simu.

Kabla ya hapo, watu wengi walikuwa wakiulizia gari ya namna hiyo. Walikuwa wameziona kwenye simu, maharusi wa nchi za watu wakipunga mikono, nao wakaona kwa nini wao wasipunge. Jaku akiwajibu kuwa haipo Amani, haipo Mwanakwerekwe, na Dar es Salaam wataambiwa waagize, kisha wangoje mpaka mtoto azaliwe na atambae. Sasa ipo, inang'ara katikati ya Vitz. Yadi ikajaa watu.

Kila mtu aliitaka, ila hakuna aliyetaka iwe yake. Waliitaka siku moja tu, siku ya harusi. Na harusi Unguja ni ya watu wote. Huombwi sufuria ya pilau ukanyima, huombwi mkeka ukanyima, utanyimaje gari? Alianza mpwa wa Haitham, akafuata mtoto wa imamu, kisha mlango ukawa wazi. Haitham aliapa kila wiki kuwa basi, imetosha. Kisha akija mama wa mtu, akamwita "mwanangu", mkono wa Haitham wenyewe ulikuwa ukizitoa funguo. Daktari mmoja mwenye uwezo alikuja kuinunua, akaizunguka, akaipenda, halafu akarudi nyuma. "Nikiinunua mimi," alisema, "ntakuwa nimewanunulia Unguja nzima."

Dereva wa harusi zote hizo alikuwa Jaku, na hapo ndipo moyo wake ulipotekwa. Alizaliwa Michenzani, njia za mji alikuwa akizipita amefumba macho. Lakini alipowapeleka mabwana harusi Shangani, paa limefunuka, aliona roshani za mbao kwa upande wake wa chini, zilivyochongwa maua ambayo fundi alijua hakuna atakayeinua shingo kuyatazama. Mtu kachonga vile kwa ajili ya nani? Jaku alitaka kusimamisha gari alie, lakini nyuma yake kulikuwa na bwana harusi na msafara wa vespa.

Kwa kuwa gari haikupata mnunuzi, Haitham alichoka. "Kama Ijumaa haijapata mwenyewe, Jumamosi inavuka Dar," alisema. "Huko nshapata wa kuichukua."

Jaku hakulala raha. Alihangaika mpaka akampata Bwana Ubwa, mwenye hoteli Paje, aliyetaka gari ya kuwachukulia wageni wake na dereva wa kuiendesha. Dereva huyo angekuwa Jaku. Ubwa alikuwa na safari, angepita yadi mara moja tu, Ijumaa baada ya Alasiri. Jaku akaitikia naam kwa furaha, na simu ilipokatika ndipo alipokumbuka kuwa saa hiyo hiyo amekwisha kumuahidi Bi Mayasa.

Ahadi ni deni, nayo hii ilikuwa ya mtu mzito. Bi Mayasa alikaa mlango wa pili kutoka kwao, Jumba Namba Tano, na ndiye aliyemlea Jaku mama yake alipokuwa kazini hospitali. Alikuwa mjane miaka mingi, na sasa anaolewa na Mzee Ahmada wa Mangapwani. Biharusi wa umri ule hapelekwi kwa shangwe. Hubeba mkoba wake, akafuatana na wanawake wawili, akaenda zake kimya kimya kabla majirani hawajamaliza kucheka. Lakini Bi Mayasa alikuwa amekuja mwenyewe yadi.

"Harusi yangu ya kwanza nilifunikwa kanga mbili, Jaku, nikatiwa ndani ya lori la vyombo," alimwambia. "Njia nzima nilikuwa nikisikia mashimo tu. Safari hii nnataka kuona nnakokwenda."

Ijumaa ilipofika, Jaku alipanda ngazi za Jumba Namba Tano kwenda kuivunja ahadi. Maneno alikuwa nayo tele. Dalali hashindwi kwa maneno.

"Shikamoo, Bi Mayasa."

"Marahaba, baba."

Alikuwa ameketi juu ya kitanda, nguo zimefukizwa udi, kikuba cha asumini kifuani. Jaku akaeleza yote, ya Ubwa, ya Paje, ya gari kuvuka Dar. Bi Mayasa alisikiliza mpaka mwisho, akalinyoosha shuka lililokuwa limeshanyooka.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Riziki haiachwi. Jirani yangu Bashira ataniitia teksi. Radhi yangu unayo."

Jaku alikuwa amejiandaa kwa lawama. Kwa radhi hakujiandaa. Akaitazama mikono ya yule bibi, imetiwa hina na piko mpaka vifundoni, maua juu ya mishipa iliyosimama, na akaelewa kuwa hakujipamba kwa ajili ya teksi. Aliona haya kubwa.

"Bi Mayasa," alisema, "teremka."

Walipotoka tu, madirisha ya Michenzani yakafunguka, ghorofa hadi ghorofa, na vigelegele vikawamiminikia kutoka juu. Waliokuwa wakicheka wiki nzima walikuwa wakilia. Bi Mayasa aliurudisha ushungi nyuma kidogo, uso ukabaki wazi. Wakapita Darajani, wakapita Mtoni, simu ya Jaku ikitetemeka mfukoni, ikinyamaza, ikitetemeka tena. Hakuitoa. Bububu, matawi ya miti yalikutana juu ya barabara, na jua likawa linapenya majani na kumwangukia Bi Mayasa usoni, likija likienda.

"Njia hii nimeipita umri wangu wote," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua kuwa ina dari namna hii."

 Mpaka Mangapwani alikaa ameinua kidevu, machozi yakimrudi masikioni kwa upepo, na hakuyafuta. Jaku aliendesha taratibu kuliko siku zote. Aliogopa kufika.

Ubwa alingoja, akachoka, akaenda zake. Haitham aligomba mpaka sauti ikamkauka, kisha akauliza kama Bi Mayasa alifika salama.

Jumamosi asubuhi Jaku aliirudisha gari Malindi, paa limefunuka njia yote. Baharia aliyekuwa akiipokea alimwambia aifunge kabla haijapakiwa, Jaku akakawia.

"Hujui kuifunga?"

"Nnajua," Jaku alisema.

Alibonyeza mwenyewe. Paa likaguna, likainuka kutoka nyuma, likaja juu yake pole pole, naye akaegemeza kichwa kwenye kiti, akaitazama mbingu ikipungua mpaka ukabaki ukanda mmoja wa buluu, kisha ukafungika. Ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya asumini. Akatoka, akampa yule baharia funguo, akarudi Amani kwa miguu.