Udongo wa Kuazima

Siku niliyobeba kopo la udongo usio wa kwetu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nakusimulia nikiwa na hasira, sikufichi. Nimeambiwa kwamba huko chuoni mliulizana kwenu wapi, nawe ukajibu, "Kwetu Mpendae." Mpendae! Mpendae ni pahala pa kulala tu. Baba yako kajenga pale juzi, rangi ya ukuta haijakauka. Kwenu ni Makunduchi, huko maweni, kwenye ardhi ya jiwe, na kama neno hilo limekukwama kooni, kaa kitako nikupige mgongoni litoke.

Sikulaumu sana, maana nami liliwahi kunikwama.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano, nikisoma mjini na kukaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Malindi. Mwalimu wetu wa jiografia, Bi Zuwena, alikuwa mwanamke mfupi asiyeamini kitu mpaka akishike. Tulipokuwa tunafunga skuli akatwambia kila mmoja arudi na kopo la udongo wa kwao, tuyapange makopo mezani, tuione Unguja nzima bila ya kupanda gari. Wenzangu wa kwenye mikarafuu wangekuja na kinongo, ule udongo mwekundu ambao ukichimba huoni mwisho wake. Wa mabonde ya mpunga wangeleta kinamo, udongo mzito unaong'ang'ania miguu. Na mimi je? Kwetu ni jiwe tupu. Wasichana walishazoea kunitania kwamba sisi tunapika mawe kwa nazi.

Nilipokwenda kwetu likizo, bibi yangu aliyenilea, Bi Mize, hakuona tabu yoyote. Alinichukua mpaka kwenye kitongo chake, shamba dogo alilolizungushia ukuta wa mawe kuzuia nguruwe, akapiga magoti, akawa anauchota udongo kidogo kidogo kutoka kwenye vishimo vya jiwe. Ulikuwa mweusi, umejaa vijiwe.

"Unaliona kombe hili la pwani lilivyogandia ndani ya jiwe?" alinambia. "Hapa palikuwa bahari. Mungu akaliinua jiwe, likakauka. Majani yakaanguka, yakaoza, mvua ikayasukuma vishimoni. Udongo huu haukuletwa na mtu, mjukuu wangu, na wala haufanyiki kwa mwaka mmoja."

Naandika maneno yake kwa lugha ya mjini. Kwa Kikae chetu yalikuwa matamu zaidi. Baadaye nikayakuta mambo yale yale kitabuni, na bibi yangu hakupata kukaa darasani hata siku moja.

Nikapanda gari kurudi mjini, kopo mapajani. Tulipotoka maweni na kuingia kwenye mikarafuu, dereva akasimama kutia maji kwenye mashine. Nikatazama ule udongo mwekundu kando ya njia, nikatazama wangu, nikaona haya. Nikashuka. Nikaumwaga udongo wa bibi chini ya mnazi uliopindana, nikajaza kinongo, na kwenye karatasi ya kopo nikaandika kwa hati nzuri: Makunduchi. Wazee wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini nani alikuwa anawasikiliza wazee?

Siku ya maonesho akaja Bwana Shamba, mtu wa serikali wa mambo ya kilimo. Alikuwa mgeni kazini, katokea Pemba, na alikuwa na hamu kubwa ya kuonekana. Akatia mkono katika kopo langu.

"Udongo huu wa Makunduchi?"

"Naam. Wa kwenye kitongo cha bibi yangu."

Akanisifu mbele ya skuli nzima. Akaandika kitu katika daftari lake. Nakwambia kweli, mwanangu, nilizipenda sifa zile, na usiku nililala usingizi mzuri.

Wiki tatu zikapita, mvua za mwanzo za masika zikaanza. Nikapata ruhusa ya siku mbili kwenda kumtazama bibi. Nilipofika nikakuta watu wamejaa kitongoni kwake. Bwana Shamba alikuwapo, na vibarua wawili, na miche ya mikarafuu imepangwa chini. Sheha, mkuu wa kijiji, alisimama pembeni akitazama vidole vya miguu yake. Walikuja kung'oa muhogo na mbaazi za bibi ili pawe shamba la mfano la karafuu. Chakula chake cha mwaka kilikuwa mle, hana kingine.

Bi Mize alikuwa ameketi kwenye mwanya wa ukuta, mahali pa kuingilia, mtaimbo umelala mapajani.

"Bibi, tupishe," alisema Bwana Shamba. "Nnakuletea utajiri."

"Utajiri wako unataka kwenda chini," bibi akamjibu. "Mkarafuu mzizi wake mrefu. Hapa chini kuna nini?" Akasimama, akaupiga mtaimbo ardhini, ukalia ngaa, watu wakashtuka. "Na mvua je? Masika yanamwagika huko kwenu kwenye mikarafuu, sie wa huku tunapata mabaki, na jiwe linayanywa. Muhogo wangu nshaufundisha kuishi hivyo. Mti wako nani ataufundisha?"

"Udongo nimeushika kwa mkono wangu! Kauleta mjukuu wako mwenyewe."

Watu wote wakanigeukia. Bibi naye akanitazama, na akanisubiri kwa upole, kwa kuwa hakuwa na shaka nami hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza. Ningenyamaza, ningebaki msichana wa kusifiwa na yeye angekufa njaa.

"Ule si wa hapa," nikasema. "Nimeuchota njiani kwenye mikarafuu. Nimesema uongo."

Bwana Shamba akapandwa na mori. Akaniita mwongo, na mwongo nilikuwa. Lakini aliposema, "Kumbe kweli huku hakuna udongo, kuna mawe tu," kitu kikanipanda na mimi.

"Upo!" nilimwambia. "Umepungukiwa na kina, haukupungukiwa na nguvu. Huo muhogo unaotaka kuung'oa umeota kwenye nini?"

Mtoto wa kike kumjibu mtu wa serikali, miaka ile! Nilikosa adabu, na sijajuta mpaka leo. Alipakia miche yake akaondoka, akaahidi kunishitaki skuli, na alinishitaki.

Bibi hakunipiga. Aliuliza neno moja tu: "Na wangu umeutupa wapi?"

Asubuhi akanipeleka kwa gari lile lile. Aliponiona nasitasita kushuka akasema, "Ulishuka kuutupa, shuka kuuokota." Chini ya ule mnazi uliopindana, juu ya udongo mwekundu, kulikuwa na kifungu cheusi chenye vijiwe, na ndani yake michipuko mitano ya mitungule, nyanya hizi za kupikia. Mbegu zilikuwamo koponi, mimi sikuziona. Bibi akachutama pale, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Hata ukiutupa unaota," akasema. "Uokote."

Niliuokota kwa vidole, vijiwe na vyote. Bi Zuwena akanichapa fimbo za uongo wangu, haki yangu, kisha akaliweka kopo jipya mezani, na mitungule yake ndani. Wasichana wakacheka. Safari hii sikuinamisha kichwa.

Sasa sikiliza. Mwacha asili ni mtumwa, na hakutiwa na mtu utumwani, kajitia mwenyewe. Usiseme uongo juu ya ulikotoka, kwani uongo wako hauishii kwako. Utakwenda kupiga hodi kwenye shamba la mtu aliyekuamini. Watu wakikwambia kwenu mawe, waambie ndiyo, mawe, na tumekula juu yake tukashiba, tukasoma. Jumatatu urudi chuoni ukawaambie kwenu wapi. Usiombe radhi.

Mungu akupe unyevu hata penye jiwe. Akupe mvua kwa wakati wake na mizizi inayojua njia. Na popote watakapokumwaga, mwanangu, uote.