Mvua Iliyokataa Kuniyeyusha

Nilipokuwa mtoto niliamini, kwa moyo wangu wote na tumbo juu yake, kwamba mama yangu aliyeyushwa na mvua.

Usicheke kwanza. Au cheka kidogo, kisha unipe nafasi nijieleze, kwa sababu uvumi huo haukuniingia bure. Ulikuja na mashahidi. Hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha shule ya jioni, tone la kwanza likigonga bati lenye joto na ile harufu ya vumbi na kutu ikapanda, mkono wangu huenda wenyewe kichwani kuhakikisha kwamba kipo.

Tuliishi nyuma ya soko la Otonglo, mimi na Dani. Dani ndiye bibi, mama mzaa baba. Wajaluo humwita hivyo, na baba mwenyewe alikuwa amekufa kabla sijaujua uso wake. Dani aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nyumba yetu ilinuka omena kuanzia kizingiti hadi ndotoni, na nakuambia kulikuwa na paka waliotoka Migosi kwa miguu, wakavuka mji mzima, waje tu wakae mlangoni petu wavute pumzi.

Mama alikuwa amekwenda milimani, kule ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako ukitazama siku isiyo na mawingu unaona mstari wa buluu. Alipata kazi ya kupikia wafanyakazi wa kiwanda kilichoyeyusha vyuma chakavu, pembeni mwa msitu. Watu wa sokoni hawakuwa na muda wa jina refu namna hiyo. Walisema tu, "Amekwenda Kuyeyusha," kama vile mtu amekwenda Kericho. Aliondoka na begi la mistari na kitambaa cha buluu kichwani, akaniambia nikae vizuri na Dani, atarudi na viatu. Alirudi mara ya kwanza na viatu. Mara ya pili alirudi na mkate. Baada ya hapo viatu vikanibana, vikapasuka, na yeye hakurudi.

Siku moja mteja aliyekuwa akipimiwa omena kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, alinitazama akauliza, "Mama ya huyu siku hizi yuko wapi?"

Dani hakuinua kichwa. "Huyo?" alisema. "Huyo aliyeyuka."

Mteja akasonya, akaomba aongezewe kidogo, na mambo yakaishia hapo. Kwao. Najua sasa kwamba kwetu fundi akichukua pesa ya kitanda asionekane tena, ameyeyuka; shemeji akisikia kuna kaburi la kuchimba, naye huyeyuka. Ni kusema tu. Lakini mimi nilikuwa mtoto mdogo, nimekaa juu ya gunia, na mama yangu alikuwa amekwenda mahali panapoitwa Kuyeyusha. Wewe ungeelewaje?

Nikatafuta ushahidi kwa Ouma. Ouma alinizidi mwaka mmoja na mambo mengi, kwa sababu baba yake alikuwa msaidizi kwenye lori la kuni lililopanda mlima ule kila wiki.

"Huko mvua si maji," Ouma aliniambia. "Ni asidi. Moshi wa kiwanda unaingia kwa mawingu, halafu inakunyeshea. Mabati yao yote yamekuwa kichungi cha chai."

"Na watu?"

"Miti inakufa, wewe unauliza watu? Baba amesema inaanza kukauka juu, kichwani. Halafu inashuka. Iko imesimama tu huko, mfagio mfagio."

"Kuanzia kichwani," nilisema.

"Kichwani. Na kuna ziwa kadogo huko juu, maji safi mpaka unaona mawe ya chini. Hakuna samaki. Hakuna hata chura."

"Wamekwenda wapi?"

Ouma alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mwisho darasani. "Wameyeyuka, boss."

Kesi ikafungwa. Nilijua pia kwamba mito ya milimani hushuka kuja kwenye ziwa letu, maana kila msimu wa mvua ndefu maji ya ufuoni yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, mazito hata ungedhani bata wanatembea juu yake. Kwa hivyo nilijua mama alipo.

Tangu siku hiyo sikula samaki. Fikiria jambo hilo: Mjaluo, wa kando ya ziwa, mjukuu wa muuza omena, halafu hali samaki. Majirani walikuja kunitazama kama wanavyotazama ng'ombe mwenye miguu mitano. Mmoja alisema nimerogwa, mwingine akasema nina minyoo, wa tatu akasema nimeanza maringo ya watu wa Nairobi. Sikumwambia mtu sababu. Ungemwambiaje mtu mzima kwamba unaogopa kula samaki aliyemla mama yako?

Kila Jumapili, wenzangu walipokuwa wakicheza mpira, nilishuka ufuoni peke yangu. Nilitafuta mahali ambapo magugumaji yameachana, nikachuchumaa, nikayaambia yale maji ya chai habari za wiki: kwamba nimekuwa wa tatu kwa hesabu, ambayo ilikuwa kweli kama utahesabia upande wa chini, kwamba viatu vimepasuka, asijali. Maji hayakujibu, ila yalikuwa na tabia ya kuja mpaka kwenye vidole vyangu kisha yakarudi, na mimi nilitosheka na hilo. Mtoto akiwa hana wa kuzungumza naye hachagui sana.

Halafu ikaja ile mvua. Wengine wanaweza kukuambia ilikuwa mvua ya kawaida. Mimi nakuambia ilinyesha mpaka samaki wakatafuta pa kujikinga. Mawingu yalitoka upande wa milimani, meusi kama sufuria ya matanga. Sokoni kila mtu alikuwa akikimbia na mifuko kichwani, na Dani alikuwa akifunika omena zake kwa turubai na kuniita nishike upande wa pili.

Sikushika. Nilivua shati, nikatoka uwanjani katikati, nikanyoosha mikono na kuinua uso. Nilikuwa nimeyapanga. Kama mvua ya kule ndiyo hii, basi itanianza kichwani, nitashuka taratibu kama sabuni, nitapita kwenye mtaro ule wa barabarani, na kabla ya jioni nitakuwa ziwani. Mama angenitambua. Niliogopa kidogo tu kwamba ingeuma.

Nilingoja. Maji yaliingia masikioni na puani. Kitu pekee kilichoyeyuka ni dawa ya zambarau niliyopakwa kwenye mashilingi, yale mapunye ya kichwani. Ilipotiririka kifuani nilifurahi, nikadhani imeanza. Lakini ilikwisha, na mimi nikabaki. Vidole kumi, magoti mawili, meno yanagongana. Sijui kama umewahi kukataliwa na mvua. Inamnyeshea kila mtu, mwizi na mchungaji, halafu wewe inakuacha umesimama.

Dani alikuja akanishika bega. "Unafanya nini?"

"Nataka kuyeyuka," nilisema. "Niende kwa mama."

Alisimama hapo mbele yangu, na omena zake, mali yote aliyokuwa nayo, zikawa zinalowa nyuma yake. Kisha akanifunika kwa leso yake, akanibeba mgongoni, mimi mkubwa vile, akanipeleka nyumbani. Jioni hiyo alipika maharagwe. Na kuanzia siku hiyo hakunipikia samaki tena, wala hakuniuliza.

Nilikua. Imani hiyo haikufa, iliketi tu. Nilipoacha shule nikafanya kazi kwenye kibanda cha kuchaji betri za magari, na siku asidi ilipokula suruali yangu mpaka nikarudi nyumbani nimejifunika gazeti, nilijiambia: unaona? Bila shaka nilikuwa nimeshaelewa kwamba watu hawayeyuki. Nilisema moyoni kwamba sumu ya kule ilimwua mama, basi, na watu wazima wakatafuta neno laini. Samaki sikumla vilevile.

Shule ya jioni ndiyo iliyonivuruga. Mwalimu Nekesa alikuwa akifundisha asidi, na mimi, kwa majivuno ya mtu wa betri, nikasimama nikaeleza darasa zima kuhusu mvua inayoua watu milimani.

"Kaa, baba," alisema. "Ndimu ni kali kuliko hiyo mvua. Wewe ukikamulia ndimu kwa nyama choma, vidole vinabaki?"

Darasa likacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kisha akaeleza, na nikasahau kucheka. Asidi ya mawinguni haimkimbilii mtu, wala haiuchomi mti ukaanguka. Inaingia udongoni polepole, ikasomba ile chokaa na madini mengine ambayo mizizi hula, ikafungulia madini mabaya yaliyokuwa yamelala kimya. Mti unakaa mezani kwenye sahani tupu, mwaka baada ya mwaka, mpaka unaanza kukauka kileleni. Ziwa dogo la juu ya mwamba halina kitu cha kupoza ukali huo. Mayai ya samaki hayaangui, vidudu vinakwisha, na maji yanakuwa safi ajabu kwa sababu hakuna kinachoishi ndani yake. Na msitu ukishakufa, alisema, udongo unakosa wa kuushika. Unashuka na mito. Ile chai ya maziwa mnayoiona ziwani kwetu si asidi. Ni udongo wa kule juu, uliokosa mizizi ya kuushika.

Kwa hivyo miaka ile yote nilikuwa nikiusimulia mlima habari za shule. Ouma hakuwa mwongo, maskini. Mabati, vilele na ziwa lisilo na chura vilikuwa vya kweli. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kweli, na kikiondolewa hicho, swali langu la utotoni lilisimama tena mbele yangu likiwa zima, halina hata kutu.

Jumamosi nilikwenda kwa Dani. Alikuwa amekaa mlangoni akichagua omena kwenye ungo, macho yake hayaoni vizuri tena lakini vidole vinaona. Nikakaa chini, nikachagua naye.

"Dani," nilisema, "ile mvua ya kiwandani haiyeyushi mtu."

"Najua."

"Haiui hata mtu."

"Najua, nyakwara." Ndivyo anavyoniita siku zote, mjukuu wangu. Alitoa kijiwe kwenye ungo akakitupa.

"Sasa kwa nini ulininyamazia?"

Vidole vyake vilisimama. "Nilikukuta umeshikilia habari ya mvua," alisema. "Nikaona afadhali uichukie mvua kuliko mtu. Mvua haisikii."

Nikamwuliza mama yangu alikufa na nini.

"Nani amekufa?" Dani alisema. "Mama yako hakuyeyuka, nyakwara. Aliolewa."