Muhogo wa Kaboni Sita

Riwaya yangu ya kwanza ilitekwa mchana kweupe, katikati ya kipindi cha kemia, Kibaha, nikiwa kidato cha nne. Ilikuwa ndani ya daftari la kaunta lenye jalada jekundu: sura saba, bila nakala popote duniani. Mwalimu alikuwa ubaoni akitaja methani, ethani, propani, butani. Mimi nilikuwa dawati la nyuma, nikiandika habari za kijana anayeondoka kwao Ruvu kwenda kutafuta kazi huku mama yake akimwombea. Sikusikia viatu vikija.

"Kumbe Mzaramo ana mambo yake," alisema, daftari tayari liko mkononi mwake. "Haya, darasa, shuhudieni. Nimeteka."

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Mwalimu wetu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, nami kwetu ni Kisarawe, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutania hata msibani kwako. Anaweza kuchukua kuku wako au kofia yako, na kukasirika ni mwiko. Unachoruhusiwa ni kukomboa.

"Nikomboe kwa kitu gani, Madam?"

"Kwa majina kumi. Nitachora hidrokaboni kumi ubaoni, wewe utazitaja zote mbele ya wenzako. Ijumaa ijayo tunafunga shule. Kengele ya mwisho ikilia hujakomboa, nakwenda nalo Tabora kuwashia jiko."

"Lakini Madam, karatasi si hidrokaboni," mwenzangu mmoja alidakia.

"Si hidrokaboni, lakini inawaka."

Alhamisi alinijaribu kwa mchoro mmoja tu. Kanuni niliijua: kila kaboni ina mikono minne, hushikana na kaboni wenzake, na mikono inayobaki hushika hidrojeni. Ukitaka jina, tafuta kwanza mnyororo mrefu kuliko yote. Huo ndio unaobeba jina. Halafu ndipo utaje matawi. Alichora kaboni nne kwenye mstari, na chini ya ile ya pili akaning'iniza nyingine mbili. Nikahesabu mstari: nne. Butani, nikasema, yenye tawi la ethili.

"Hakuna kitu chenye jina hilo," alisema kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo. "Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Nne. Nilikuwa nausoma mchoro kama nisomavyo sentensi, kutoka kushoto kwenda kulia, na kilichokuwa chini ya mstari nilikiona kama nyongeza tu. Usiku ule nilijaribu kuiandika upya sura ya kwanza kwa kumbukumbu. Maneno yalikuja, lakini yalikuja yamekufa.

Jumamosi mama alinituma Kisarawe nimpelekee bibi sukari. Nilimkuta kwenye baraza ya jiko akimenya muhogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umenuna kama uliyeachika?"

"Mwalimu kanichukulia daftari langu."

"Kwa kosa gani?"

"Ni Mnyamwezi."

Bibi aliweka kisu chini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. Nilikuwa nimetegemea huruma. "Basi ni haki yake! Mpelekee jogoo, yaishe."

"Hataki jogoo. Anataka majina ya vitu vilivyomo kwenye gesi na mafuta ya taa."

"Wanyamwezi nao," alisema, akaendelea kumenya.

Nikachukua vipande sita vya muhogo na shazia lake la kushonea magunia. Nikavitunga kwa uzi wa gunia kama ule mchoro: vinne kwenye mstari, viwili vikining'inia kutoka cha pili. Nikaulaza muhogo wangu kwenye ungo, nikautazama. Nne. Kila nilipohesabu, nne.

"Huo muhogo ni wa kula," bibi alinikumbusha.

"Nitaurudisha."

"Maji yanachemka. Unarudisha lini, sikukuu ya Idi?"

Hakungoja jibu. Aliinama, akashika kipande kilichokuwa karibu naye, yaani ncha ya lile nililoliita tawi, akauinua wote juu kuupeleka chunguni. Vipande vikanyooka kwa uzito wao. Kutoka vidoleni mwake mnyororo ulishuka, moja, mbili, tatu, nne, tano, na ubavuni mwa kipande cha tatu kikabaki kimoja kikibembea peke yake. Kile kimoja ndicho nilichokuwa nakiita mwanzo.

"Bibi, usitie!"

"Una wazimu?"

"Simama hivyo hivyo!"

Alisimama, mkono juu, mvuke ukimfunika uso, akininong'onea maneno ya Kizaramo ambayo sitayaandika. Nikahesabu kutoka juu, nikahesabu kutoka chini. Upande wowote, kile kimoja kiliangukia kwenye cha tatu.

"Pentani," nikasema. "Yenye methili kwenye kaboni ya tatu."

"Amina," alisema bibi, akautumbukiza chunguni na nyuzi zake. Tuliula mchana ule kwa chai, tukichomoa nyuzi menoni.

Ijumaa nilisimama ubaoni. Tisa za kwanza nilizitaja, nyingine kwa jasho. Ya kumi ilikuwa ileile ya Alhamisi. Nilipoitaja, Madam aliweka chaki chini.

"Nani kakufundisha?"

"Muhogo, Madam."

"Wazaramo na muhogo!" Darasa likashangilia, naye akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Alikuwa amelisoma lote. Chini ya sura ya saba aliandika kwa penseli: *Unahesabu mstari ulionyooka. Kijana huyu ni tawi. Anayebeba hadithi ni mama yake, aliyebaki Ruvu. Anza tena.*

Nililia njiani hadi Kongowe, tulikokuwa tunaishi, maana alikuwa sahihi. Likizo ile nilianza upya, nikamshika mama yule kwa ncha yake, nikamwinua, na kila kitu kikaning'inia mahali pake. Ilichukua miaka, na madaftari mengi, lakini ndicho kitabu changu.

Mwaka jana, kilipotoka, nilikipeleka kwa Madam. Amestaafu, ana shamba dogo karibu na Soga. Nilikishika kwa mikono miwili, kama alivyonifundisha. Alisoma jina langu kwenye jalada, akalipitishia kidole taratibu, macho yakamjaa maji. Kisha akasimama katikati ya mlango, akaniziba njia.

"Mzaramo unakuja kwangu mikono mitupu," alisema. "Muhogo uko wapi?"

Ulikuwa kwenye mfuko, nyuma ya mgongo wangu. Vipande sita, vimetungwa kwa uzi wa gunia.